Guni

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
baba aliandika kwa chaki juu ya mlango wa karakana:
HATUAZIMI PAMPU.
Na chini yake, kwa herufi ndogo: wala akili.

Ndivyo alivyokuwa Singano Semboja, fundi baiskeli.
Enzi za vijiji walipomjia na daftari la ushirika wa mafundi
aliwaambia, spana hii ina alama za meno yangu,
nyinyi mtaiandika kwa jina la nani?
Wakamwita mbinafsi. Akafurahi kama aliyepandishwa cheo.
Hata kwenye swala ya jamaa alisimama pembeni kabisa,
karibu na viatu.

Kisha damu ikaziba mahali fulani nyuma ya sikio la kushoto,
maneno yakabaki ndani
kama gololi zilizozama kwenye grisi.

Bombo wakatupa fomu. Mimi ndiye niliyetia sahihi.
Uzi mwembamba kuliko unywele, kidude sawa na kifungo cha kanzu,
na kando ya kitanda kisanduku kinachosema kwa sauti yake:
waliichonga kutoka kwenye mkanda wa harusi yangu,
pale alipokuwa akimkaripia mpishi.
Kinangoja aanze kufikiri,
halafu kinamsaidia kumaliza.

Mama yangu, Mwanamkasi, hana maswali ya vitabuni.
Anauliza: akisema "nipe uji," nani ana njaa?
Mdogo wangu Mbelwa, aliyesoma, anatucheka.
Miwani nayo ni mashine, anasema,
na neno "mimi" lenyewe baba hakulitunga,
alilipokea kwa bibi pamoja na uji na makofi.
Nani basi aliwahi kuwa peke yake humo kichwani?
Nikanyamaza.
Lakini miwani, nilitaka kumwambia,
haijawahi kunichagulia cha kutazama.

Jana, baada ya alasiri, baba akaanza shairi.

Baiskeli ni ya chuma, lakini mwendo ni wangu
Kwenye kilima nahema, pumzi ile ni yangu
Wakinisukuma nyuma, jasho lingali ni langu
Siku nitakayokoma,

akakwama. Kwenye kioo cha kisanduku maneno yakawaka,
yakisubiri ridhaa yake:
nirejesheni kwa Mungu.
Kina sawa. Mizani nane, nilihesabu kwa vidole.
Msiba wowote ungelia kwa mstari ule.

Baba akafumba macho. Maana yake, hapana.
Kikamletea mwingine: nizikeni pwani kwangu.
Hapana.
Jasho likamtoka kwenye paji kama mtu anayepanda Lushoto
na magunia mawili ya kabichi nyuma,
na neno moja moja, kila moja likisota peke yake,
akasema:
itieni
upepo,
mpande.

Guni tupu! Kina kimekatika, mizani imemwagika.
Nikacheka, nikamshika mguu juu ya shuka.
Huyu ndiye, nikamwambia mama,
hakuna mashine inayokosea hivi.

Usiku nilipokwenda kufunga karakana nikaiona chaki ile.
Baba yangu hajapata kumwazima mtu pampu.
Mpande. Nani? Sisi?
Labda ni yeye, yule ambaye hatukuwahi kumngoja
hadi mwisho wa sentensi.
Labda kisanduku kimekwisha kumjua kwamba hupenda kukataa,
kikamwachia kosa la kukosea,
kama unavyomwachia mtoto ashinde karata.
Nilisimama pale mpaka mbu wakanichoka.

Maandishi sikuyafuta.
Pampu niliitundika nje ya mlango, kwenye msumari,
nikaifunga kwa mnyororo.